Kubadilisha sakafu ya Beetle ya zamani: anzia chini ya kiti cha nyuma

Mtu akiniletea Volkswagen Beetle na kuniuliza sakafu iko hali gani, siendi upande wa dereva. Nang'oa kiti cha nyuma kwanza na kuangalia kulia. Betri ya gari hili hukaa pale, juu ya sakafu yenyewe, na miaka nenda miaka rudi tindikali imekuwa ikidondoka mahali ambapo hakuna anayefagia. Ukigonga na bisibisi ukasikia bati zima, kazi yako ni ndogo. Bisibisi ikitokea upande wa pili, endelea kusoma.

Kwanza elewa unachokata. Beetle ina mgongo mmoja wa bati katikati, kutoka mbele hadi nyuma, na nusu mbili za sakafu zimechomelewa kulia na kushoto kwake. Bodi imekaa juu, imefungwa kwa bolti, na raba iko katikati. Kwa hiyo sakafu hii ndiyo chasisi. Muundo huo ndio uliompa dereva Tommy Fjastad ushindi wa Safari Rally ya 1962, ila kwa sakafu nzima, si ya puti. Wateja wangu wengi hutaka gari la kukodisha harusini, na ombi huwa moja: "Fundi, ziba tu na faiba, nani ataangalia chini?" Mzee, bwana harusi ana kilo tisini.

Kama hupati nusu ya sakafu iliyotengenezwa tayari, nunua bati jeusi la geji 18, yaani milimita 1.2 hivi. Hapa Nairobi, maduka ya chuma Industrial Area wanalo, na Kariobangi Light Industries utapata mafundi wa kukukunjia mifereji. Mabati ya kuezekea usiyaguse. Ni membamba mno, na zinki yake ikiungua hutoa moshi wa sumu.

Hatua ya 1: Toa betri na petroli

Fungua waya hasi kwanza, kisha chanya. Halafu petroli, na hapa naomba usiwe na haraka. Tanki liko mbele, injini iko nyuma, na bomba la petroli linapita ndani ya ule mgongo wa kati, karibu kabisa na mahali utakapochomelea. Kuziba mdomo wa bomba kwa kitambaa hakutoshi. Sukuma gari nje, shusha tanki lote, fungua bomba pande zote mbili, ulipulize kwa kompresa mpaka harufu iishe. Weka mtungi wa kuzimia moto karibu, si ofisini.

Hatua ya 2: Ua tindikali

Koroga magadi, yale yale ya kulainishia githeri, katika maji ya uvuguvugu, umwage pale betri ilipokuwa. Yataumuka povu. Rudia mpaka povu likome, ndipo uoshe kwa maji na kukausha. Ukipaka praima juu ya tindikali, rangi itavimba na utarudi pale pale.

Hatua ya 3: Bandua lami

Kiwanda kilibandika lami ya kuzuia kelele. Ikishika moto inawaka na kudondoka. Ing'oe kwa patasi. Asubuhi za baridi za Julai hukatika vipande. Jua la Januari likiwaka inanata hadi kwenye ndoto.

Hatua ya 4: Funga bodi isicheze

Chomelea bomba za mraba kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma, pande zote mbili, na moja ikatishe upana wa gari. Kingo za chini ya milango, zile zinazopitisha joto la hita, mara nyingi zimeoza pamoja na sakafu. Ukikata bila bomba hizo, bodi inalegea na milango haitafunga sawa tena. Kisha pima kutoka mgongo hadi kila reli ya kiti, mbele na nyuma, uandike. Reli ikihama milimita chache tu, kiti kinakwama katikati ya safari yake.

Hatua ya 5: Kata upande mmoja tu

Bolti za pembeni huhitaji spana 13, za chini ya kiti cha nyuma spana 17. Zilowekee dawa ya kutu tangu jana yake. Kwenye mgongo, toboa zile nukta zilizochomelewa kiwandani kwa biti ya milimita 8 badala ya kupitisha grainda, kwa sababu ukingo wa mgongo unauhitaji. Maliza upande huo kabisa kabla ya kugusa wa pili.

Hatua ya 6: Chomelea

Toboa matundu kwenye bati jipya kila sentimita 4 hivi, likalishe mahali pake, pima reli upya, kisha jaza matundu kwa mashine ya MIG, ile ya kuchomelea kwa waya. Ile ya vijiti itatoboa bati. Ruka: tundu la mbele, la nyuma, la kati. Ukienda mfululizo bati linapinda.

Praima ya epoksi juu na chini, silanti kwenye maungio, rangi. Raba mpya chini ya bodi, si sponji, kwani sponji hunywa maji ya mvua. Na usikubali kupuliziwa oili chafu chini ya gari; hulainisha raba zote.

Hatua ya 7: Chini ya kiti

Upande wa kushoto ni nafasi nzuri ya spana na kamba ya kuvutia. Tengeneza kisanduku cha plaiwudi, ukifunge kwa mkanda. Usipige skurubu kwenye sakafu uliyoisumbukia. Upande wa kulia usiweke chuma chochote.

Betri nayo ifungwe kwa kishikio na kuwekewa kifuniko cha plastiki. Springi za kiti ziko juu yake moja kwa moja. Abiria mzito akikaa, zikagusa ncha zote mbili, moto unaanzia kwenye nyasi na manyoya ya kiti. Betri nyingi za madukani zina kimo kirefu kupita ile ya asili, kwa hiyo jaribu: paka springi grisi, rudisha kiti, mwite jirani mnene akae na kurukaruka. Inua kiti. Kifuniko kikiwa na alama ya grisi, rudisha betri dukani uchukue fupi.