Mgonjwa wa kisukari anataka kufunga Ramadhani: kaa na familia yake hivi

Juzi intani mmoja (daktari aliye kwenye mwaka wa mazoezi) kanifuata kliniki, ana bi mkubwa anachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, kamwambia usifunge, bibi kaitika "sawa mwanangu", na wote wawili wanajua atafunga. Nikamweleza tunavyofanya sisi huku Tanga, na kwa kuwa si yeye wa kwanza kuuliza bora niandike hapa.

Hatua ya 1: Anza Rajabu

Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani inataka mgonjwa aonwe wiki 6 mpaka 8 kabla ya mfungo. Ukisubiri watu waanze kuulizia mwezi umeandama lini ushachelewa. Dozi anabadilisha daktari, we mpelekee habari kamili: anatumia dawa gani, sukari imewahi kushuka akaanguka, figo zikoje. Mjamzito anayechoma insulini, anayesafishwa figo, au aliyepoteza fahamu kwa sukari kushuka miezi ya karibuni, huyo aambiwe wazi kwamba kufunga ni hatari kwake, na aambiwe mbele ya ndugu zake.

Hatua ya 2: Mtafute mwenye chungu

Ukimuuliza mgonjwa unakula nini atakujibu mboga za majani, wote wanajibu hivyo. Muulize nani anapika, nani anashika hela ya sokoni, na futari mnakula wangapi kwenye sinia moja. Mi huwa nachora familia kwa penseli nyuma ya karatasi yoyote, nani yuko nyumba moja na nani, nani akisema neno linasikilizwa (mara nyingi ni shangazi fulani au mtoto wa kiume anayetuma hela kutoka Dar, wala hayupo hapo). Halafu naomba mkwe anayepika aje kliniki siku inayofuata. Zile karatasi za lishe zenye picha za brokoli na tufaha siwapi tena watu, zinaishia kufungia karanga.

Mwenye chungu akija ongeeni futari yenyewe: mihogo ya nazi, magimbi, tambi za sukari, kaimati za shira, uji. Sasa kwenye sinia hakuna anayejua kala kiasi gani, kwahiyo inabidi atiliwe chake pembeni, na hapo ndo pana mtego maana bi mkubwa akiwekewa sahani peke yake anaona katengwa. Tulichoona kinakubalika ni apakuliwe yeye kwanza, kama mkubwa wa nyumba, sinia ndo lifuate. Chakula kilekile, kipimo tofauti, na heshima yake iko palepale.

Hatua ya 3: Gawa mafungu matatu

Hii imetoka kwa Madeleine Leininger, nesi wa Marekani aliyeanzisha mambo ya uuguzi na utamaduni. Kuna desturi unaiacha ilivyo, kuna unayoirekebisha, na kuna ya kubadilisha kabisa. Tende moja au mbili za kufungulia, acha. Uji wa futari, unywewe ila sukari itoke na pilipili manga ibaki. Kula daku saa nne usiku kisha kulala mpaka asubuhi, hiyo ibadilike, daku iliwe karibu na alfajiri. Na kuacha vidonge mwezi mzima "kwa sababu nimefunga", hiyo nayo ibadilike, haina mjadala.

Hatua ya 4: Kukubaliana lini anafungulia

Hapa usiharakishe hata kama foleni imefika getini. Namba zenyewe ni rahisi: sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.7 (mmol/L) anafungua palepale, na akijisikia vibaya anapima hata kama ni saa kumi na moja na robo na adhana inakaribia. Kazi iko kwenye kukubali.

Kwanza kupima. Wengi wanaamini kutoboa kidole kunabatilisha saumu. Wanazuoni wengi wanasema haibatilishi, ila ukisema wewe na gauni lako jeupe haliingii, akisema imamu wa msikiti wao linaingia siku hiyohiyo. Kwahiyo imamu nenda mwone mapema, akiweza aligusie kwenye hotuba ya Ijumaa pamoja na ile ruhusa ya mgonjwa iliyomo kwenye Al-Baqara aya ya 184 na 185. Usiende kumfundisha dini, we mweleze insulini inafanya nini mwilini mtu akiwa na njaa, mwachie yeye amalizie. Stripu za kupimia sukari ni ghali, najua, basi kama zipo chache apime alasiri na kabla ya futari, nyingine aweke za dharura.

Pili, aibu. Bibi wa watu hataki wajukuu wamwone anakunywa chai mchana. Ukiliruka hili atafungulia kwa kujificha, au hatafungulia. Waambie wana nyumba mbele yake kwamba siku akifungua hamna kuuliza wala kucheka.

Tatu, na hili ndo linalokula muda, huku pwani mtu akianza kutoka jasho, anatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki saa kumi jioni, kuna nyumba zitasema kapandisha jini. Anaitwa mwalimu, kinaandikwa kombe (aya zinaandikwa kwenye sahani, zinaoshwa, maji yake anakunywa mgonjwa), anafukizwa ubani, na sukari inazidi kushuka. Usibishane kama jini lipo au halipo, utapoteza nyumba nzima. Mi nawaambia sukari kwanza, halafu mwiteni mnayemtaka. Nusu chupa ya soda ya kawaida (siyo ile isiyo na sukari, nshaona imeletwa), au vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado chini rudia. Ikipanda, apewe chakula. Akiwa hawezi kumeza au kazimia, hakuna kumtilia kitu mdomoni, si soda si kombe, mlazeni ubavu na bajaji iitwe. Afu wakurudishie uliyowafundisha kwa maneno yao: "haya shangazi, nimeanguka hapa, unafanya nini?" Akianza na ubani mnaanza upya, bila hasira.

Kuna waalimu wa kombe tumeshaongea nao, siku hizi wakiitwa wanauliza kwanza kama mgonjwa ana sukari. Huyo mwalimu mmoja anakufaa kuliko mabango kumi ukutani.

Hatua ya 5: Andika

Kwenye faili andika jina la anayepika, namba ya anayepokea simu mchana, na mlichokubaliana. Piga simu wiki ya kwanza ya mfungo.

Na baada ya Idi muulize kuhusu sita za Shawali, zile siku sita za kufunga kwa hiari. Wengi hawakwambii, na dozi zimesharudi za kawaida, kwahiyo ile ya asubuhi inachomwa yote halafu mtu anafunga.