Jinsi ya kupanga safari ya Georgia, nchi ya mvinyo na karamu ndefu

Georgia ninayoizungumzia si ile ya Marekani. Ni nchi ndogo ya Kaukazi, kando ya Bahari Nyeusi, mji mkuu wake Tbilisi. Napanga safari za vikundi vidogo kwenda huko, na wateja wangu wengi ni Watanzania na Wakenya wanaofanya kazi Ghuba. Ratiba iliyojaa ndiyo inayoharibu safari hii kuliko kitu kingine. Wenyeji wakikuketisha mezani, jioni yote imekwisha. Panga karamu kwanza, vivutio vifuate.

Hatua ya 1: Viza kabla ya tiketi

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi za Ghuba ana nafuu ya kuingia bila viza kwa ziara fupi, lakini soma masharti kwenye tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje wiki ile ile unayolipia tiketi, maana kanuni hubadilika. Bima ya safari inayogharamia matibabu na ajali usiiache.

Chapisha kila kitu: tiketi ya kurudi, hoteli ya kila usiku, bima, taarifa ya benki. Afisa wa uhamiaji anaweza kukurudisha hata kama viza unayo, na mgeni anayehangaika kutafuta barua pepe kwenye simu iliyoisha chaji hujiongezea maswali.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Mavuno ya zabibu, wanayoyaita rtveli, huanza Septemba hadi Oktoba katika jimbo la Kakheti. Ndio wakati bora, ila vyumba vya mji wa Sighnaghi hujaa mapema. Mei na Juni pia ni wakati mzuri. Majira ya baridi theluji huweza kufunga barabara ya milimani.

Hatua ya 3: Gawa siku saba

Tbilisi siku mbili: mji wa kale, mabafu ya salfa ya Abanotubani, na Mtskheta iliyo jirani. Kazbegi, mji wa milimani, usiku mmoja. Ni kama saa tatu kwa gari, na kanisa la Gergeti limekaa juu ya kilima mita 2,170 kutoka usawa wa bahari. Kanisani wanawake hufunika kichwa, wanaume hawavai kaptula.

Siku zinazobaki zipe Kakheti, kati ya Telavi na Sighnaghi. Usizunguke viwanda vitano vya mvinyo kwa siku moja. Tafuta familia inayotengeneza mvinyo nyumbani na kupokea wageni, ukae nusu siku. Utaona sakafu ya marani, ghala lao, ina midomo ya mitungi tu. Mitungi yenyewe, qvevri, imezikwa hadi shingoni, na ndani imepakwa nta ya nyuki. Mwenyeji hufunua kifuniko, akachota kwa kibuyu chenye mpini mrefu. Zabibu nyeupe aina ya Rkatsiteli huachwa humo na maganda na mbegu zake kwa miezi kama sita, kwa hiyo mvinyo hutoka na rangi ya chai ya rangi isiyokolea, na una ukakasi. Aliyezoea mvinyo mtamu wa Dodoma atakunja uso kwenye glasi ya kwanza. Mpe ya pili pamoja na jibini. Wanaakiolojia wamekuta huko mabaki ya mvinyo ya takriban miaka 8,000, na UNESCO iliorodhesha ufundi huu wa qvevri mwaka 2013.

Hatua ya 4: Jiandae kwa supra

Supra ni karamu yenye kiongozi, tamada. Yeye ndiye anayetoa maneno ya heri: kwa amani, kwa wazazi, kwa marehemu, kwa wageni. Usinywe kabla hajamaliza kusema. Akikupa zamu, simama useme kitu cha maana kuhusu kwenu, hata kwa Kiswahili, mkalimani yupo. Hapo meza nzima itakupenda. Pembe ya kunywea ukipokea imejaa, haiwekwi chini mpaka iishe, basi ipokee ukiwa na hakika. Kula kati ya glasi. Khinkali, vifuko vya unga vilivyochemshwa vyenye nyama na supu ndani, huliwa kwa mkono: shika kifundo cha juu, ng'ata kidogo, fyonza supu, kifundo kibaki sahanini.

Kesho yake usipange lolote kabla ya mchana.

Hatua ya 5: Kwa wasiokunywa na wasiokula nguruwe

Mwambie mwenyeji siku moja kabla, si mezani. Utashiriki kwa soda yao ya kijani ya tarkhuna au maji ya Borjomi, na hakuna atakayeona vibaya. Nyama ya khinkali mara nyingi imechanganywa na nguruwe; agiza za uyoga au jibini. Tbilisi kuna msikiti wa Juma, ambako Sunni na Shia husali pamoja.

Hatua ya 6: Usafiri na vitu vidogo

Marshrutka, ndizo daladala zao, za kwenda Kazbegi huondokea Didube, stesheni ya metro. Kakheti kodi gari na dereva, maana utaonja kila mahali. Beba lari, fedha yao, taslimu kwa vijijini, na adapta: plagi zao ni za pini mbili za duara.