Gitaa mbili, mpigaji mmoja: stendi ya kupigia jukwaani, kwa wanabendi wa Mtwara na Lindi

Wapiga solo wengi wa bendi za huku kwetu wakitaka wimbo uanze na gitaa kavu (lile la mbao lenye tumbo wazi) halafu uingie gitaa la umeme wanafanya moja kati ya mawili, ama kinanda kinaigiza gitaa kavu (na ukumbi mzima unasikia kabisa hicho ni kinanda), ama anaitwa jamaa wa pili aje apige utangulizi tu halafu akakae. Ipo njia ya tatu, stendi ya kupigia. Sio ile ya kuegeshea gitaa pembeni ya spika, hapana, hii inalishika gitaa kavu hewani usawa wa tumbo lako, uso wake ukiangalia watu, we unalisogelea na la umeme likiwa bado shingoni, unapiga utangulizi, unarudi nyuma hatua moja unaendelea na la umeme. Kama umewahi kuangalia video za Steve Howe wa bendi ya Yes ya Uingereza au Alex Lifeson wa bendi ya Rush ya Kanada utakuwa umeiona, wale wameitumia sana.

Madukani huku sijui kama utaikuta, wengi wanaagiza Dar inakuja na kifurushi cha basi. Ila fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kukutengenezea ukimpelekea stendi kuukuu ya simbali, ile ya drams, kwa sababu tayari ina miguu mitatu, inapanda na kushuka, na juu ina kiungo cha kuinamisha. Anachoongeza ni kitanda cha kulalia gitaa: mikono miwili chini inayobeba tumbo, mmoja mgongoni, na kishikio cha shingo chenye mkanda wa kufunga. Mikono unaweza kumpa seremala aitoe kwa mbao ya kawaida. Mpingo waachie wachonga vinyago, ule mzito mno hata kwenye maji unazama, utaibeba wewe hiyo stendi?

Kila sehemu inayogusa gitaa ivalishe kitambaa cha pamba. Usiweke raba tupu, baadhi ya raba zinakula vanishi hasa ya magitaa ya zamani, ukija kulitoa unakuta alama haifutiki.

Sasa kupima urefu. Vaa gitaa la umeme kama unavyovaa siku zote, simama ulivyozoea kusimama jukwaani na viatu vya jukwaani (sio ndala za nyumbani, hiyo inakupoteza), mwambie mtu apime na futi kutoka sakafuni mpaka pale nyuzi zinapoanzia kwenye mwili wa gitaa. Gitaa la kwenye stendi liweke juu ya hapo kidogo, kama upana wa kiganja hivi, ili lile la umeme lipate nafasi ya kukaa chini yake au kuzungukia mgongoni. Shingo inyanyuke kidogo, na uso wa gitaa uinamishe nyuma kidogo tu ili uone freti (vile vyuma vya shingoni) bila kukunja shingo yako. Ukiinamisha sana mkono wa kulia unachoka kabla hata utangulizi haujaisha.

Miguu mitatu nayo ina siri yake. Stendi ya miguu mitatu haiangukii upande wenye mguu, inaangukia kwenye uwazi kati ya miguu miwili. Na wewe unapobana kodi (nyuzi kadhaa kwa pamoja) vidole vinasukuma shingo ije kwako, kwa hiyo mguu mmoja uelekeze kwako upite katikati ya miguu yako, na hiyo mingine miwili uilazie mfuko wa mchanga. Mchanga ndio kitu ambacho pwani hatukosi. Kwenye sherehe za nje, tuseme Shangani au Mikindani ufukweni, miezi ya kusi kuanzia kama Mei mpaka Septemba upepo unasukuma gitaa kama tanga, hapo mfuko mmoja hautoshi, weka kila mguu wa kwake.

Halafu kuna watunzaji, wale wanaokuja kumtuza mpigaji. Hili ndilo la kwetu hasa na hulikuti kwenye maelekezo ya mzungu yeyote. Msimu wa korosho ukilipa vizuri sherehe zinafuatana, watu wana hela, na bendi ikiingiza mdundo wa sindimba tu mashangazi wanapanda jukwaani na noti mkononi wanakuja kukubandika pajini. Wanapita palepale mbele yako, na magauni mapana, na mikoba. Stendi isikae katikati. Iweke upande wa drams au ukutani, upande ambao hauna ngazi, na waya wake wa jeki ushuke na mguu wa stendi huku umebandikwa kwa selotepu ile ya kitambaa mpaka kwenye boksi unapochomekwa, usining'inie hewani hata kidogo.

Upande wa sauti: gitaa kavu lipe njia yake kwenye mixa, kupitia kiboksi cha DI (kinachopeleka sauti ya gitaa moja kwa moja kwenye mixa), usilichomeke kwenye ampli moja na la umeme. Tatizo la gitaa kavu kukaa kwenye stendi wakati bendi inapiga ni kwamba linaendelea kusikia. Tumbo lake linatetemeka na sauti ya monita (spika inayowaelekea wapigaji), pikapu (kinasa sauti cha gitaa) inairudisha kwenye mixa, unaanza kusikia ule mvumo wa vuuuu ambao kila mtu anamgeukia fundi mitambo wakati masikini hana kosa. Kwa hiyo weka pedali ya tyuna hapo chini, ukiikanyaga inakata sauti na unapata nafasi ya kutyuni kimyakimya. Ukimaliza utangulizi unaikanyaga. Na monita isilitazame gitaa tumboni. Lile tundu la tumboni liwekee kizibo chake, vinasaidia sana vile.

Kutyuni ufanye dakika za mwisho kabla ya kupanda, sio mchana wakati mnafunga vyombo. Joto la mchana na ubaridi wa usiku ufukweni haviachi nyuzi pale ulipoziacha. Kama wimbo unataka kapo (kile kibanio cha shingoni) ifunge kabisa mapema kwenye freti yake.

Kupiga kwenyewe kunahitaji mazoezi kwa sababu gitaa halikufuati. Umezoea kulivuta, kucheza nalo, hapa ukitikisika linabaki. Kiwiko cha kulia usikiegemeze kwa uzito, kiguse tu. Kodi uibane kwa kidole gumba nyuma ya shingo, usiivute shingo kwako kwa nguvu ya bega. Piga laini, gitaa kavu lina njia yake kwenye mixa, sauti aongeze fundi.

Ila kazi yote kwa maoni yangu ipo kwenye kuhama. Mtu ananunua stendi nzuri halafu kwenye kuhama kunakuwa na shimo, bendi nzima inamsubiri. Panga hivi: kodi ya mwisho ya utangulizi iwe ya nyuzi zinazolia zenyewe, G au E ndogo (E maina), ambayo ukiipiga mara moja inabaki inalia wakati mkono wa kulia umeshashuka kulivuta la umeme mbele. Kinanda kishike kodi hiyohiyo. Mpiga drams akupe hesabu nne za kuingilia. We kwenye hizo hesabu: moja, mkono kwenye gitaa la umeme, mbili, hatua nyuma na unakanyaga tyuna, tatu, unafungua volyumu (maana uliifunga, si ndio? likiwa mgongoni na volyumu wazi linaunguruma), nne upo tayari. Mwanzoni hesabu nne zitakuwa chache, ombeni nane, mkizoea mtapunguza. Fanyeni mazoezi ya kipande hicho tu bila kupiga wimbo mzima, tena siku moja mzime taa, kwa sababu kumbi nyingi wakizima taa maharusi wanapoingia hutaona hata pedali iko wapi.

Mkishamaliza shoo usiache gitaa kwenye stendi eti utalitoa baadaye wakati watu wanakunja viti, litoe la kwanza kabisa. Na nati na bolti zifute na kitambaa chenye oili, chumvi ya pwani hii ukiacha mwezi tu kile kiungo cha juu kinagoma kuzunguka unaanza kutafuta spana ya kukopa nusu saa kabla ya sherehe.