Kutengeneza chemchemi kwa msaragambo: maelekezo kutoka milimani Same

Mtu akitangaziwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea ya sisi Wapare, kimoyomoyo anajiuliza jambo moja: nitarudi kwangu saa ngapi? Mimi ni katibu wa kamati ya maji ya kitongoji, huku milimani wilayani Same, na kazi yangu kubwa ni kuhakikisha swali hilo lina jibu kabla watu hawajashika jembe. Ukisema saa sita mchana kila mtu yuko kwake, na ikawa kweli, wiki ijayo watakuja tena. Ukiwaweka mpaka alasiri wakisubiri simenti ambayo haijafika, mara ya pili utabaki na wazee wawili na mwenyekiti.

Vitongoji vya jirani hutuuliza sana kuhusu chemchemi, kwa hiyo naeleza hiyo: kuijengea ukuta na bomba ili watu wakinge maji safi. Barabara na mifereji ya ndiva, yale mabwawa yetu madogo ya kumwagilia, ina ufundi wake, ila mpangilio wa watu ni ule ule.

Pima maji kwanza

Nenda kwenye chemchemi mwezi wa tisa, kabla ya vuli, maji yakiwa yamepungua kabisa. Beba ndoo ya lita 20 na simu. Kinga, hesabu sekunde. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, hiyo ni lita 30 kwa dakika, yaani ndoo 90 kwa saa. Kitongoji kidogo kitakunywa bila foleni. Ikichukua dakika nne, ni ndoo 15 tu kwa saa, na hapo itabidi mfikirie tangi la kukusanya maji ya usiku. Si jambo geni kwetu. Ndiva ndivyo zilivyofanya kazi tangu wazee: maji yanajaa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu.

Kama kiangazi chemchemi inakauka kabisa, achaneni na simenti. Chimbeni makinga maji huko juu, pandeni miti, subirini miaka. Nimeona ukuta mzuri wa zege, mwaka umechorwa kwa msumari, na bomba lake halijawahi kutoa tone Septemba.

Rudi tena katikati ya masika upime upya. Kipimo cha kiangazi kinakwambia chemchemi itatosha kaya ngapi. Cha masika kinakwambia bomba liwe nene kiasi gani. Ukiwa huko huko inua macho utazame mlimani: kuna choo, zizi, shamba linalopigwa dawa? Choo kikiwa upande wa juu na kiko ndani ya mita 30, mazungumzo na mwenye choo yatangulie mengine yote. Mikaratusi nayo inakunywa sana, lakini usiende kumwambia mwenye nayo aing'oe kesho. Nguzo zile ni ada ya mtoto wake. Sisi hukubaliana avune zilizokomaa, visiki visiachwe kuchipua, na msaragambo umsaidie kupanda mikuyu na miti mingine ya asili mahali pake.

Ruhusa, na karatasi yake

Chemchemi nyingi huku zimo ndani ya shamba la mtu au la ukoo. Mwenye shamba anaweza kusema "chukueni tu, maji ni ya Mungu" mbele ya chai, na akawa anamaanisha kweli. Andikeni hata hivyo. Tunasemwa sisi Wapare kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili kushinda kesi ya kuku, na mimi sibishi. Karatasi iseme njia ya kupita ni ya upana gani, eneo linalozungushiwa uzio linaanzia sale gani (mmea wa kuonyesha mpaka) hadi sale gani, na mwenye shamba anapata nini, kwa mfano maji ya ziada kwa bustani yake. Atie saini yeye, mke wake, watoto wakubwa, mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Msisitizo wangu ni kwa watoto wakubwa. Mzee akifariki, wao ndio watakaofunga njia.

Ikiwa maji yako ndani ya mpungi, msitu wa ukoo, nendeni kwa wazee wa ukoo kabla ya kumwona kiongozi yeyote. Misitu hiyo ndiyo iliyohifadhi vyanzo vyetu muda wote huu. Wazee wakisema mti fulani usiguswe, mtaro upinde uuzunguke.

Halafu pelekeni jambo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake, liingie kwenye muhtasari. Pitieni ofisi ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, wilayani kabla ya kujenga chochote, na waulizeni kama Bodi ya Maji Bonde la Pangani inahitaji kuarifiwa. Mara nyingine wana fundi wa kuja kutazama bure. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mito na mabwawa, na viongozi hutumia mita hizo hizo kwa vyanzo vya maji. Basi mjue mnaongea na wenye mashamba kuhusu nini.

Siku gani?

Hapa ndipo wageni hukwama. Jumamosi haiwezekani, Wasabato wako Upareni tangu 1903, na milimani ni wengi. Jumapili Walutheri na Wakatoliki wako ibadani. Ijumaa Waislamu wanahitaji kuwahi msikitini, kwa hiyo ni nusu ya nusu siku. Ondoa siku ya gulio. Zinazobaki ni siku mbili au tatu, na kwetu Jumatano ndiyo imekaa vizuri. Tangazeni kwenye nyumba zote za ibada, si moja, na tangazo litaje saa ya kumaliza.

Ngwe

Jioni ya kuamkia kazi, mimi na wajumbe wawili tunakwenda na kamba, vigingi na daftari. Tunaigawa kazi yote ngwe ngwe, yaani kila kaya kipande chake. Mtaro wa kukinga maji ya mvua wa mita 40 kwa kaya 20 ni mita mbili mbili, kigingi hapa, kigingi pale, na kila kigingi kina jina. Penye miamba tunafupisha ngwe, penye udongo laini tunarefusha. Hii huchukua muda, na ndiyo kazi ya maana kuliko zote, kwa sababu asubuhi hakuna wa kusimama akiegemea beleshi akitazama wenzake. Kila mtu anajua kipande chake. Aliyemaliza, mjumbe anakagua kina kwa fimbo iliyokatwa kipimo, anaweka tiki, mtu anakula na kuondoka. Akimaliza saa tatu aende saa tatu! Usimwongezee ngwe ya pili kwa sababu ana nguvu. Ukifanya hivyo, mara ijayo vijana wote watachimba taratibu.

Si kila ngwe ni ya jembe. Mchanga wa mtoni na mawe visombwe wiki mbili kabla, kila kaya idadi yake ya ndoo, kwa wakati wake, hata mtu akipita nazo akitoka shambani. Bibi anayeishi peke yake analeta kuni au bakuli la maharage, na ngwe yake imekwisha. Mama aliyejifungua juzi hana ngwe, jina lake linaandikwa "ruhusa" bila maelezo zaidi. Walioko Dar es Salaam na Arusha tunawapa ngwe ya simenti na bomba. Watume kwenye namba ya mweka hazina, na risiti za duka zipigwe picha ziwekwe kwenye kundi la WhatsApp siku hiyo hiyo. Wa mjini anayechelewa kuona risiti huacha kutuma, wala hasemi kwa nini.

Kuchimba jicho

Jicho la chemchemi si pale unapoona maji yakitokea. Hapo mara nyingi yameshatembea chini ya majani na udongo uliomomonyoka. Yafuateni kurudi nyuma, mkiingia kwenye mteremko kwa jembe na beleshi, polepole, hadi myakute yanatoka kwenye mwamba au juu ya udongo mgumu usiopitisha maji. Mkiufikia udongo huo, simameni. Pana kijana mwenye sururu atakayetaka kuendelea akidhani huko chini kuna maji zaidi. Mnyang'anyeni. Akiutoboa, maji yanaweza kuzama na msiyaone tena.

Wakati wote huo maji yaendelee kutiririka kwa mfereji mdogo wa pembeni, yasizuiwe.

Fundi mwashi ajenge ukuta wa mawe mbele ya jicho, msingi ukae juu ya ule udongo mgumu, na ncha zote mbili ziingie ndani ya kingo ili maji yasipite pembeni. Mchanganyiko wetu ni ndoo moja ya simenti kwa tatu za mchanga uliooshwa. Fundi tunamlipa. Kujitolea kuna mipaka, na mtu ambaye ukuta ukivuja tutamwita yeye, lazima awe amelipwa.

Jambo ninalolisimamia mwenyewe, hata fundi akinuna, ni kimo cha bomba. Bomba la kutolea maji liwe chini ya usawa wa jicho. Mafundi hupenda kulipandisha ili ndoo ikae vizuri chini yake. Ndoo ikikosa nafasi, shusheni sakafu: chimbeni mbele ya ukuta, mtengeneze ngazi mbili tatu za kuteremkia, na mfereji wa kutoa maji yaliyomwagika. Bomba likikaa juu, maji yatajaa nyuma ya ukuta na kusukuma, na chemchemi iliyobanwa hutafuta njia nyingine. Utayakuta yanatokea chini ya migomba ya jirani. Wekeni na bomba la pili, juu kidogo ya la kwanza lakini bado chini ya jicho, kwa ajili ya maji ya masika.

Nyuma ya ukuta pangeni mawe yaliyooshwa, juu yake kokoto, mpaka jicho lifunikwe kabisa. Tandazeni nailoni nzito, kisha udongo wa mfinyanzi uliokandwa hadi ushikane kama ugali wa dona, mshindilie unene wa sentimita 30 hivi. Juu kabisa udongo wa kawaida na nyasi. Miti isipandwe hapo, maana mizizi itafuata maji na kuupasua ukuta. Ipandwe kuanzia nje ya uzio.

Mtaro wa kukinga maji ya mvua, ule wa ngwe, unapita upande wa juu, mita 8 hadi 10 kutoka kwenye jicho, na unayatoa maji machafu pembeni. Uzio ni michongoma na masale. Mbirika ya ng'ombe ikae mbali upande wa chini, ikilishwa na maji ya bomba la ziada. Usipowapa ng'ombe pa kunywa, watavunja uzio, na wenye ng'ombe watawasaidia.

Chakula

Makande. Najua wa mabondeni wanatucheka, lakini niambieni chakula gani kingine sufuria moja inashibisha watu hamsini bila mboga ya pembeni. Mahindi yakobolewe mapema, maharage yalowekwe usiku, moto uwashwe saa kumi na moja alfajiri ili saa tano yawe yameiva. Saa tatu na nusu kuna uji. Wapishi wanaandikwa kwenye daftari kama wachimbaji, ngwe kamili, na si wanawake peke yao. Kwetu wavulana wawili wanashika moto na kusomba maji. Pombe hapana, hata baada ya kazi, hata kama mtu ameitoa kwa moyo.

Wasiokuja

Kamati haina mamlaka ya kutoza faini. Faini inahitaji sheria ndogo iliyopita kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, na mkimtoza mtu kuku bila hiyo, yeye ndiye atakayeshinda kesi. Sisi tunasoma daftari. Mwisho wa mwezi mwenyekiti anasoma majina yote mkutanoni, aliyemaliza, aliyepewa ruhusa, na aliyebakiza ngwe. Ngwe iliyobaki haifanywi na wengine. Mita mbili za mtaro zinakaa hazijachimbwa na kigingi chenye jina, kila anayekwenda kuchota anapita hapo. Kwa kawaida wiki haiishi.

Ukuta ukishasimama

Mwagieni ukuta maji asubuhi na jioni kwa siku saba, mkiufunika kwa majani ya migomba. Kabla ya kuanza kunywa, mwiteni bwana afya wa kata awaelekeze kutia klorini, yeye ndiye anajua kipimo. Mpeni mtu mmoja daraka la usafi. Nyumba iliyo karibu zaidi hufaa. Mitaro izibuliwe mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, na hapo hapo mpime tena kwa ndoo na simu, tarakimu iandikwe kwenye daftari lile lile.

Mvua kubwa ya kwanza ikipiga, nendeni mkakinge maji kwenye glasi siku hiyo hiyo. Yakiwa na rangi ya chai, maji ya juu yanaingia. Anzeni kwa kuangalia mtaro kama umeziba, halafu tafuteni shimo la panya au ufa kwenye udongo wa mfinyanzi. Fukueni mahali hapo tu, kandeni mfinyanzi mpya, mshindilie. Ni kazi ya watu wanne asubuhi moja, wala haihitaji kutangaza msaragambo.