Riwaya ya Mashine Inayoua: Namna ya Kuigeuza Filamu

Tuseme mkononi una riwaya ya mashine ya kusaga kijijini huko Mpwapwa. Inawaka usiku bila mtu, na kukicha kuna mtu haonekani. Fanya hivi.

1. Haki kwanza. Upate ruhusa ya maandishi. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo kama keshafariki, watafute warithi.

2. Amua uovu umetoka wapi. Riwaya ina nafasi ya kueleza jini, kafara na laana ya babu. Filamu haina. Katika riwaya ya *Christine* ya Stephen King, gari limeandamwa na roho ya mmiliki wake wa zamani, maiti inayozidi kuoza. John Carpenter alipoitengeneza filamu, mwaka uleule wa 1983, aliifuta maiti hiyo na kuanzia kiwandani Detroit: gari halijatoka hata kwenye mstari wa kuundia magari, tayari limemjeruhi mfanyakazi. Basi, tumeshaelewa: limezaliwa na uovu wake. Kwenye filamu yetu, habari za kafara ningewaachia wanaosubiri zamu na ndoo zao, wabishane.

3. Tafuta kwa nini watu hawakimbii. Hapa ndipo skripti nyingi zinapokufa. Gari humfukuza mtu. Mashine ya kusaga imefungwa kwenye sakafu ya zege. Mtu huifuata mwenyewe kwa sababu watoto hawajala, na mashine nyingine iko mbali. Njaa hiyo ndiyo ibebe hadithi. Bibi anayesaga uwele wake kwenye jiwe mpe nafasi kubwa kuliko aliyopewa kitabuni: yeye tu ndiye anayeweza kuikataa mashine.

4. Geuza mawazo yawe vitendo. Kitabu kinasema, "Alihisi mashine inamsikiliza." Kamera haioni kuhisi. Andika: *Mama anamwaga mtama. Mngurumo unashuka. Anasita. Mngurumo unapanda. Anamwita mwanawe, unashuka tena.*

5. Rekodi sauti peke yake. Injini ya dizeli ikiwa tupu, kisha ikiwa na nafaka, kisha mkanda unaozungusha mashine ukipigapiga. Kiangazi cha Dodoma kina upepo mkali, kwa hiyo kivalishe kinasa sauti kifuniko chake cha manyoya cha kuzuia upepo.

6. Siku ya kushuti. Timu ya Carpenter ilivuta bodi ya gari kwa ndani kwa mitambo ya haidroli, kisha ikaigeuza picha irudi nyuma. Gari lililobondwa likaonekana linajinyoosha. Wewe piga unga ukimwagika, uicheze kinyume: mashine itakuwa inaumeza. Mwigizaji akiwa karibu, mkanda uwe umevuliwa. Moto usisogee, maana vumbi la unga hulipuka.

Kibali cha Bodi ya Filamu kishughulikie kabla hujakodi kamera, na mwenye mashine umlipe siku yake nzima. Wateja wake watakuwa wamehamia kwa jirani.