Somo: Kufuatilia ukoo wako Uskoti na Ireland kwa kumbukumbu za zamani

Wengi wenye babu Mskoti au bibi Mwairishi huanza kwa kuandika jina la ukoo kwenye intaneti, wanaletewa watu maelfu, wanakata tamaa siku hiyo hiyo. Nchi hizi ni majirani na ziliwahi kuwa chini ya serikali moja, lakini kumbukumbu zake hazifanani hata kidogo. Uskoti, cheti kimoja kinakupeleka kwenye kingine. Ireland, usipojua mzee wako alitoka kijiji gani, utazunguka tu.

Hatua ya 1: Anza na wazee walio hai

Kabla hujalipia chochote, waulize wazee. Nani alizaliwa wapi, alioa wapi, alisali kanisa gani. Geuza picha za zamani utazame nyuma, fungua Biblia ya familia, soma maandishi ya makaburini. Unachotafuta zaidi ni jina la mahali. Kisha rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Usirukie mtu wa 1750 eti kwa sababu jina linafanana.

Hatua ya 2: Uskoti, anza na cheti cha kifo

Usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Januari 1, 1855, na vyeti viko kwenye tovuti ya serikali iitwayo ScotlandsPeople. Kutafuta ni bure, kufungua picha ya cheti unalipia kidogo. Cheti cha kifo humtaja baba wa marehemu na mama yake, tena mama kwa jina la ukoo wa kwao. Karatasi moja, vizazi viwili. Ila kumbuka marehemu hakujiandikia: aliyetoa habari ni mtoto au jirani, naye huweza kukosea. Linganisha na cheti cha ndoa, maana hapo mhusika alikuwapo mwenyewe. Cheti cha kuzaliwa kuanzia 1861 kinaonyesha pia siku na mahali wazazi walipofunga ndoa, hivyo unajua pa kwenda. Ukimpata mtu aliyesajiliwa mwaka 1855 wenyewe, shukuru Mungu: mwaka huo waliandika mambo mengi kuliko miaka yote iliyofuata.

Kabla ya 1855 unabaki na madaftari ya parokia za Kanisa la Uskoti. La zamani kuliko yote ni la Errol, 1553. Yana mapengo mengi. Hapa desturi ya majina inasaidia: mtoto wa kiume wa kwanza mara nyingi aliitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wasomaji Wakikuyu mko nyumbani hapa. Tofauti ni kwamba binti wa kwanza wa Kiskoti kwa kawaida alipewa jina la bibi mzaa mama. Ni desturi, si sheria. Itumie kukisia, usiitumie kuthibitisha.

Hatua ya 3: Ireland, tafuta kijiji kwanza

Juni 30, 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikianza, hifadhi ya nyaraka iliyokuwa kwenye majengo ya mahakama ya Four Courts, Dublin, iliteketea. Karibu sensa zote za 1821 hadi 1851 ziliungua, pamoja na wosia na zaidi ya nusu ya madaftari ya Kanisa la Ireland, yaani la Kianglikana. Sensa za 1861 na 1871 serikali ilikuwa imeshaziharibu yenyewe, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Inauma. Ndiyo maana sensa kamili ya kwanza unayoweza kuisoma ni ya 1901, kisha 1911, zote bure kwenye tovuti ya hifadhi ya taifa.

Usishangae mtu wa miaka 58 mwaka 1901 kuwa na 71 mwaka 1911. Pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofikisha miaka 70, hivyo baadhi walijiongezea umri. Wengi hawakuwa na cheti kwa sababu walizaliwa kabla ya usajili wa vizazi kuanza Ireland mwaka 1864. Maofisa wakawa wanapekua sensa za 1841 na 1851 kuthibitisha umri. Sensa ziliungua, lakini fomu nyingi za upekuzi huo zimebaki, na kwa baadhi ya familia ndizo alama pekee ya miaka ile.

Vyeti vya 1864 na kuendelea, na ndoa zisizo za Kikatoliki kuanzia 1845, viko IrishGenealogy.ie, bure. Nyuma ya hapo nenda Maktaba ya Taifa, yenye picha za madaftari ya parokia za Kikatoliki hadi karibu 1880. Mengi ni ya Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William. Huwezi kuyafaidi bila kujua parokia, na hapo ndipo orodha ya kodi ya Griffith ya 1847 hadi 1864 inapokuokoa, maana inataja wakuu wa kaya kitongoji kwa kitongoji.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Jina letu halipo kabisa kwenye sensa.

Jibu: Marahaba. Karani aliandika alivyosikia. Jaribu bila O' ya mwanzo wa jina, badili Mc na Mac, kisha tafuta kwa majina ya kwanza ya watoto na kitongoji.

Swali: Mkuu, babu mzaa mama alikuwa Mskoti, alifanya kazi Kenya. Hatujui kwao.

Jibu: Pekua magazeti rasmi ya serikali ya Kenya, yalitangaza mirathi za marehemu. Tazama pia tovuti ya Europeans In East Africa. Ukipata jina kamili na mwaka, ndipo uingie ScotlandsPeople. Picha za vyeti vya kuzaliwa huko mtandaoni ni za zaidi ya miaka 100, ndoa 75, vifo 50.

Swali: Cheti cha bibi, nafasi ya baba ni tupu. Ndiyo mwisho?

Jibu: Hapana, dada yangu. Uskoti, baba asiye na ndoa aliandikwa tu akifika na kusaini pamoja na mama. Angalia pembeni mwa cheti kama kuna maelekezo ya daftari la masahihisho. Mahakama ikimthibitisha baba, iliandikwa humo. Kisha soma kumbukumbu za vikao vya wazee wa kanisa wa parokia hiyo, anzia miezi michache kabla ya bibi kuzaliwa. Wazee hao walimwita mama na kumtaka amtaje baba wa mtoto.