Saladi ya majani na maua: anzia bustanini

Saladi hii mimi huwaandalia wageni hapa Lushoto, ambako ubaridi wa milima ya Usambara unaifaa sana letisi. Kwa watu 4 tafuta letisi 1, tango 1, majani machanga ya nastashiamu 10 na maua yake 12, maua ya maboga 4, mashada 3 ya maua ya mrehani, ndimu, mafuta ya alizeti na chumvi.

1. Chuma mapema

Ua la boga hufunguka kunapopambazuka, na adhuhuri huwa limeshajifunga. Mimi huingia bustanini saa 12 na nusu asubuhi. Chuma madume tu. Dume limekaa juu ya kikonyo kirefu chembamba. Jike lina kiboga kidogo kama gololi chini yake, na ukilichuma umejinyima boga. Hata madume usiyamalize, nyuki wanayahitaji.

Nastashiamu utaitambua kwa jani la mviringo lililoshikwa na kikonyo karibu na katikati, mfano wa mwavuli, na ua lenye mkia nyuma. Ng'ata mkia huo: utamu unatangulia, kisha ukali unapanda puani kama haradali. Kwangu mimi, bila ukali huo saladi hii haina maana.

Ua usilolijua usilitie mdomoni. Mnanaha una ua zuri jeupe kama tarumbeta, na ni sumu. Oleanda inayopandwa uani nayo ni sumu, kuanzia ua hadi kijiti. Maua ya dukani ya kufungia mashada achana nayo pia, maana hupuliziwa dawa zisizokusudiwa kwa chakula.

2. Safisha

Pasua ua la boga upande mmoja, kung'uta sisimizi, kisha toa kile kijiti cha chavua katikati na vijani vya chini. Maua yote yachovye tu kwenye maji baridi na uyalaze juu ya kitambaa. Letisi na majani ya nastashiamu yaoshe kwa maji mengi, yafunge kwenye kitambaa cha pamba, toka nje uyapunge kwa nguvu. Jani lenye maji halishiki mafuta.

3. Changanya

Tia mafuta vijiko 3 vya chakula, maji ya ndimu kijiko 1 na chumvi kidogo kwenye chupa ya jamu, utikise. Usimimine mpaka watu wamekaa mezani. Siku moja niliwahi kuchanganya, wageni wakachelewa nusu saa. Chumvi ilivuta maji, letisi yote ikalala.

Mimina, geuza majani na vipande vya tango kwa mikono, halafu ndipo upange maua juu. Ndimu ikiyagusa mapema hunyauka na kutoka madoa. Mrehani unyambue vidole vikiwa vikavu, uunyunyize.

Mwenye mzio wa chavua muulize kabla, umtolee sahani yake isiyo na maua.